Kuhusu Kifo cha Bi. Fartun na Themosi Isiyo na Mwenyewe

HOSPITALI YA JAMII YA ENKUTOTO, KITENGELA
KAMATI YA USIMAMIZI

Kumbukumbu za kikao maalum kilichofanyika Jumamosi, tarehe 15 Novemba 2003, katika chumba cha mikutano nyuma ya chumba cha dawa, kuanzia saa nane na dakika arobaini mchana.

WALIOHUDHURIA
Mzee Sironka Meitamei – Mwenyekiti
Dkt. Irungu – Daktari Msimamizi, ambaye pia ndiye mpasuaji
Bi. Rodah Wanyama – Muuguzi Mkuu
Bw. Gakuru – Mhazini (alifika saa tisa na robo)
Bw. Burhan – Mjumbe, kwa niaba ya wafanyabiashara na msikiti
Bi. Mwongeli Maundu – Katibu

WALIOALIKWA
Bw. Muhumed – mume wa marehemu Bi. Fartun
Bw. Masila – mtoa dawa ya usingizi (amesimamishwa kazi)

WASIOHUDHURIA
Mwakilishi wa makanisa – kwa udhuru, yuko mazishini Kajiado
Mwakilishi wa vijana – bila udhuru, kama kawaida yake

KUMB. NA. 1/11/2003: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alisalimia kwa Kimaasai, wajumbe wakaitikia. Kisha aliomba kila mtu asali kimyakimya kwa njia yake, kwa kuwa kifo kilichowakutanisha kilikuwa cha mtu aliyejulikana na wote waliokuwa mezani. Kimya kilichukua dakika mbili hivi. Mwenyekiti aliagiza chai isiletwe kwa sababu wawili kati ya waliokuwepo walikuwa wamefunga Ramadhani. Bw. Muhumed alishukuru, akasema watu wasijinyime kwa ajili yake. Chai haikuletwa.

KUMB. NA. 2/11/2003: KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA CHA TAREHE 8 NOVEMBA

Katibu alisoma kumbukumbu hizo. Zilieleza kwamba Bi. Fartun, mwenye umri wa miaka arobaini na minne, mwenye duka la vitambaa karibu na soko la mbuzi, alilazwa Jumatano tarehe 5 ili atolewe uvimbe mkubwa tumboni. Kwamba alifariki siku iliyofuata, Alhamisi, saa sita na nusu mchana. Kwamba alizikwa alasiri hiyo hiyo bila uchunguzi wa maiti, kwa matakwa ya familia. Na kwamba Bw. Masila, aliyempa dawa ya usingizi, alisimamishwa kazi hadi uamuzi utolewe.

Bw. Burhan alipinga ukurasa wa pili, mstari wa sita, palipoandikwa kuwa Bw. Masila "alisema mgonjwa alikuwa amekula". Alieleza kwamba mstari huo unamchafua marehemu. Mtu aliyefunga akiambiwa amekula mchana wa Ramadhani, huko ni kumwita mnafiki, na marehemu hayupo tena kujitetea. Alitaka mstari ufutwe.

Bw. Masila alisema kwamba hakutaja mchana. Alisema alichokiona.

Mwenyekiti aliuliza kama Katibu aliandika maneno hayo kama yalivyosemwa. Katibu alijibu kwamba ndiyo, aliyaandika kama yalivyosemwa. Kumbukumbu hazikuthibitishwa, zikawekwa kando hadi mambo mengine yasikilizwe.

KUMB. NA. 3/11/2003: TAARIFA YA DAKTARI NA YA WODI

Dkt. Irungu alieleza kwamba upasuaji ulikuwa umepangwa saa nane mchana wa Alhamisi. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi ya siku hiyo ilipokewa taarifa kwamba stima itakatika kuanzia saa nne hadi jioni kwa ajili ya matengenezo. Jenereta ya hospitali imekuwa mbovu tangu Agosti, na hilo liko katika kumbukumbu za vikao vitatu mfululizo. Aliona ni heri upasuaji urudishwe nyuma hadi saa mbili asubuhi ili umalizike kabla ya giza kuingia katika chumba cha upasuaji. Alisema uamuzi huo ulikuwa wake na hamtupii mtu mwingine.

Mwenyekiti aliuliza kwa nini mgonjwa hakusubiri tu siku nyingine. Dkt. Irungu alijibu kwamba mgonjwa alikuwa akipoteza damu kila mwezi kwa kiasi cha kutisha na tayari alikuwa ameahirishwa mara mbili.

Bi. Wanyama alieleza utaratibu wa wodi. Kitanda cha mgonjwa wa upasuaji wa asubuhi hutundikwa kadi iliyoandikwa ASIPITISHE KITU MDOMONI kuanzia jioni ya siku iliyotangulia. Mgonjwa wa mchana huruhusiwa kifungua kinywa chepesi mwisho saa kumi na mbili asubuhi, kisha ndipo hutundikwa kadi. Bi. Fartun alikuwa wa mchana. Saa yake ilipobadilishwa, kadi haikuwa imetundikwa bado.

Mwenyekiti aliuliza kama kuna aliyemuuliza mgonjwa alikula lini. Bi. Wanyama alijibu kwamba hakuna. Alieleza kwamba siku zile nusu ya wodi ilikuwa imefunga, na kila muuguzi alijua Bi. Fartun amefunga ingawa aliambiwa mara mbili kwamba mgonjwa ameruhusiwa kutofunga. Saa moja asubuhi alipopelekewa kidonge cha kutuliza wasiwasi na kikombe cha maji, alikikataa kwa upole akasema atakimeza jua likitua. Bi. Wanyama alisema kwamba mtu aliyekataa hata maji ya kumezea dawa, wao waliona hana haja ya kuulizwa. Walimhesabu kuwa ndiye salama kuliko wagonjwa wote wa siku hiyo. Alitumia kitambaa kufuta macho, na Mwenyekiti alimpa muda.

KUMB. NA. 4/11/2003: MAELEZO YA BW. MASILA

Bw. Masila alieleza kwamba ametoa dawa ya usingizi kwa miaka kumi na minne, mitano kati ya hiyo hapa Enkutoto. Alikuwa amesimama mlangoni pa wodi mgonjwa alipokataa maji. Aliona kwa macho yake, akaridhika.

Alieleza kazi yake kwa lugha nyepesi kwa sababu ya wageni. Mtu akilazwa kwa dawa, koo lake pia hulala. Kilicho tumboni kikipanda, hakuna wa kukizuia, na kikiingia mapafuni huyachoma. Ndiyo maana mgonjwa huachwa na njaa. Anayejulikana kuwa na chakula tumboni hashughulikiwi vile. Husubiriwa, au huchomwa sindano ya mgongo abaki macho, au akilazwa msaidizi humbana koo kwa vidole hadi mpira wa kupumulia uingie. Hakuna hata moja kati ya hayo lililofanyika, kwa kuwa walidhani tumbo li tupu.

Alisema kwamba mara tu dawa ilipoingia mshipani, kilipanda chakula kingi. Aliona mkate mwembamba uliolainika na chai ya maziwa. Aligeuza kichwa cha mgonjwa, akanyonya kwa mashine, akaingiza mpira. Moyo uliendelea kupiga kwa saa nne na zaidi. Gari la kumpeleka Nairobi lilitafutwa tangu saa tatu. Lilifika saa saba, nusu saa baada ya kifo.

Bw. Gakuru, ambaye alikuwa ameingia wakati huo na kusema amechelewa kwa sababu ya shughuli (shughuli zenyewe hakuzitaja), aliuliza chakula hicho kilitoka wapi, kama si kichwani mwa Bw. Masila. Bw. Masila alijibu kwamba angejua, asingekuwa amekaa kwenye kiti hicho.

Dkt. Irungu aliulizwa kama naye aliona. Alijibu kwamba alikuwa akinawa mikono chumba cha pili na alipoingia mashine ilikuwa imekwisha kunyonya. Alisema hawezi kuapa. Wajumbe walitambua kwamba Bw. Masila alimtazama Daktari kwa muda mrefu.

KUMB. NA. 5/11/2003: HOJA YA KUMWACHISHA KAZI BW. MASILA

Bw. Gakuru alitoa hoja kwamba Bw. Masila aachishwe kazi leo na jina lake lipelekwe kwa wanaomwandikisha ili asimpe mtu mwingine dawa popote. Alieleza kwamba mtu aliyefunga tangu alfajiri hawezi kutapika chai ya maziwa. Kwamba ama Bw. Masila alizidisha dawa, ama alikuwa amekunywa kitu kingine. Na kwamba hadithi ya mkate ni ya mtu anayetafuta pa kujificha nyuma ya maiti.

Bw. Masila aliomba neno "amekunywa" liandikwe kama lilivyosemwa. Limeandikwa.

Bw. Burhan alieleza kwamba yeye hana ugomvi na Bw. Masila, na kwamba mwaka jana alimlaza mtoto wake wa kiume akaamka salama. Lakini familia ilikuwa imefanya uchunguzi wake. Kabla ya alfajiri Waislamu hula daku, na kama marehemu alipata daku, lazima kuna aliyemletea, kwa sababu hospitali haipiki saa hiyo. Waliuliza nyumba kwa nyumba. Kina mama wa msikiti walileta futari jioni ya Jumatano, wakaondoka na vyombo vyao. Hakuna aliyerudi alfajiri. Bw. Muhumed alikuwa Namanga na ng'ombe, na binti yao Nasro yuko shule ya bweni. Kwa hiyo marehemu alilala na kuamka bila kula, kama alivyozoea kufanya siku nyingine akiwa na uvivu wa kuamka.

Mwenyekiti alimuuliza Bw. Muhumed kama ana la kusema. Bw. Muhumed alisema kwamba hataki mtu afukuzwe kwa ajili yake na hataki pia mkewe aitwe mwongo. Alisema analala katikati ya hayo mawili kila siku na hajui ageukie upande gani.

Hoja ya Bw. Gakuru iliungwa mkono na Dkt. Irungu kwa sauti ndogo. Mwenyekiti alisema kura itapigwa baada ya ajenda inayofuata, ambayo alidhani ni fupi.

KUMB. NA. 6/11/2003: VITU VYA MAREHEMU

Bi. Wanyama aliripoti kwamba vitu vya marehemu vilikabidhiwa kwa Bw. Muhumed tarehe 6, vikiwa vimefungwa ndani ya shuka: ndala, kitana, nguo za kubadilisha, tasbihi na themosi.

Bw. Muhumed alithibitisha kupokea vyote. Kisha alitoa themosi kwenye mfuko wa nailoni na kuiweka mezani. Ni themosi nyekundu ya lita moja, yenye maua meupe na kifuniko cheusi. Alieleza kwamba si ya nyumbani kwake. Mtu akifa, vitu vya watu alivyokuwa navyo hurudishwa kwa wenyewe ili asibaki na mzigo wa mtu huko alikokwenda. Alikuwa amezunguka nayo kwa jamaa zake wote na hakuna aliyeikubali. Hajaifungua wala kuiosha, kwa sababu si yake. Aliomba hospitali imsaidie kumtafuta mwenyewe.

Bw. Gakuru alisema themosi za namna hiyo zimejaa kila duka Kitengela na kikao kisipotezewe wakati, ipelekwe stoo. Bw. Burhan alisema si ya kina mama wa msikiti, yao ni ya chuma. Dkt. Irungu aliomba ruhusa akaifungua. Ndani mlikuwa na chai ya maziwa kiasi cha nusu kikombe, imeganda, na harufu yake ilijaza chumba. Bi. Wanyama alisema huenda ni ya mgonjwa aliyetangulia kulala kitanda kile. Bw. Gakuru alisema ndiyo hivyo, stoo.

Mwenyekiti aliuliza mara ya mwisho kama kuna anayeijua. Haina jina wala alama yoyote. Ingepelekwa stoo, kura ingepigwa, na habari yake ingeishia hapo.

KUMB. NA. 7/11/2003: MAELEZO YA KATIBU

Katibu aliweka kalamu chini. Yaliyo katika sehemu hii ameyaandika baadaye, na Mwenyekiti ameyapitia.

Katibu aliomba ruhusa, akasema: "Themosi ni yangu. Mimi ndiye nilimpelekea daku."

Katibu alieleza kwamba yeye hushona sare za shule kwenye veranda ya duka la marehemu, na wamekaa hivyo kwa miaka tisa, cherehani upande huu na vitambaa upande ule. Marehemu ndiye aliyemfundisha kupika anjera, mkate mwembamba wa kwao, akimcheka kwamba zake zinatoka nene kama magodoro. Jumatano jioni alipomtembelea wodini, marehemu alimwambia kwamba mumewe yuko mbali na hapendi kuwasumbua tena kina mama wa msikiti. Katibu anaishi nyuma tu ya ukuta wa hospitali. Alimwambia asijali, atamletea yeye.

Saa kumi na nusu alfajiri alipita langoni na anjera tatu ndani ya kitambaa na themosi mkononi. Wageni hawaruhusiwi saa hiyo, lakini mlinzi alimjua kuwa mjumbe wa kamati, akampigia saluti. Muuguzi wa zamu alikuwa ameitwa upande wa wazazi. Katibu aliketi na marehemu hadi karibu na adhana, akaondoka na kuiacha themosi achukue baadaye. Hadi hapo hapakuwa na sheria iliyovunjwa, kwa kuwa mgonjwa alikuwa wa saa nane mchana. Katibu anaijua sheria hiyo vizuri. Ndiye aliyeipiga chapa mwaka wa 1998.

Katibu alieleza zaidi kwamba saa mbili kasorobo, akienda kazini, mlinzi alimwambia Mama Nasro anaingizwa sasa hivi kwa sababu ya stima. Katibu alisimama pale langoni. Alikumbuka anjera. Aliwaza arudi ndani awaambie. Halafu alijiambia kwamba wao ndio waliosomea, hawawezi kumlaza mtu bila kumuuliza, na kwamba akiingia ataonekana anawafundisha kazi. Alitaja, bila nia ya kujitetea, kwamba katika kikao cha tarehe 14 Juni alipouliza juu ya mashine ya oksijeni alijibiwa na Daktari kwamba mambo ya chumba cha upasuaji yaachiwe wa chumba cha upasuaji. Jibu hilo lilikuwa bado linamuuma. Kutoka langoni hadi mlango wa chumba hicho ni mwendo wa dakika mbili, na alikuwa na dakika kumi na tano. Alienda akafunua cherehani.

Mwenyekiti aliuliza kwa nini hakusema tarehe 8. Katibu alijibu kwamba aliogopa. Bw. Masila alipotaja mkate mwembamba, Katibu ndiye mtu pekee mezani aliyejua kwamba anasema kweli, na ndiye aliyeandika kwamba "alisema", kana kwamba ni jambo la kutiliwa shaka. Jioni hiyo aliipiga chapa barua ya kumsimamisha kazi. Hakukosea hata herufi moja, na tangu siku hiyo anajiogopa.

Katibu alilia.

Bw. Masila alizungumza na Katibu kwa Kikamba. Mwenyekiti aliomba aseme kwa lugha ya kikao. Bw. Masila alieleza kwamba alikuwa ameanza kuamini kuwa hakuona alichokiona. Kwamba mke wake mwenyewe alimuuliza kama amesema uongo, na wiki nzima hajakaa naye meza moja. Alisema amemwambia Katibu kwamba ana hasira naye na hasira hiyo haitaisha leo. Kisha akaongeza: "Lakini mimi pia sikumuuliza. Swali moja tu, na mdomo niko nao."

Bi. Wanyama alisema hata yeye. Dkt. Irungu alisema kwamba Juni alimjibu Katibu vibaya, na kwamba Bw. Masila anastahili kuombwa radhi na yeye kabla ya wengine, kwa kuwa alimfahamu kwa miaka mitano na bado hakumwamini. Aliondoa mkono wake katika hoja ya Bw. Gakuru.

Bw. Gakuru alisema basi anayefukuzwa abadilishwe, awe Katibu, na polisi waitwe. Mwenyekiti alimwambia aketi. Aliketi.

Bw. Burhan alieleza kwamba walibisha kila mlango wa Mwislamu Kitengela nzima. Haikuwajia hata mara moja kumuuliza Mkristo kama amepika daku. Alisema saumu ya marehemu imesimama, hakuna doa, na alitaka hilo liandikwe kwa herufi zinazosomeka. SAUMU YA MAREHEMU HAINA DOA.

KUMB. NA. 8/11/2003: MAAZIMIO

Hoja ya kumwachisha kazi Bw. Masila ilianguka. Iliazimiwa arudishwe kazini kuanzia Jumatatu na aandikiwe barua ya kuombwa radhi itakayosomwa mbele ya wafanyakazi wote. Bw. Masila alisema atarudi, ila aliomba wiki moja kwanza. Alikubaliwa.

Iliazimiwa kwamba kuanzia leo hakuna mgonjwa atakayelazwa kwa dawa kabla ya kuulizwa kwa mdomo, na watu wawili kwa nyakati mbili tofauti, kitu cha mwisho kupita kinywani mwake kilikuwa nini, saa ngapi, na nani alikileta. Ataulizwa hata aliyefunga. Ataulizwa hata aliyekataa maji mbele yao. Tena ataelezwa kwa nini anaulizwa, kwa sababu Bi. Wanyama alisema kwa uchungu kwamba marehemu hakuambiwa na yeyote kuwa chakula kinaweza kumuua usingizini. Angeambiwa, angewatajia anjera zake mwenyewe. Saa ya upasuaji ikibadilishwa, maswali yaanze upya.

Bw. Burhan alipendekeza kwamba hospitali ijue ni nani kati ya wagonjwa anafunga na imwandalie daku yenyewe, saa iandikwe kwenye faili. Ilikubaliwa na wote.

Katibu alitoa taarifa ya kujiuzulu. Bw. Gakuru aliunga mkono kabla sentensi haijaisha. Mwenyekiti alisema kujiuzulu kumepokelewa, lakini Katibu kwanza amalize mambo matatu: kumbukumbu hizi, barua ya Bw. Masila, na kadi mpya ya maswali. Aliuliza kama angependa mtu mwingine amwandikie sehemu inayomhusu. Katibu alijibu kwamba ataiandika mwenyewe.

Kumbukumbu za tarehe 8 zilithibitishwa, pamoja na ukurasa wa pili, mstari wa sita. Bw. Burhan hakupinga tena.

KUMB. NA. 9/11/2003: MENGINEYO

Bw. Muhumed aliinua mkono. Alisema: "Mimi niko na swali moja tu kwa huyu mama."

Mwenyekiti alimruhusu.

Bw. Muhumed alieleza kwamba aliletewa habari akiwa Namanga, na alipofika Kitengela alimkuta mkewe ameshaoshwa na kuvikwa sanda. Siku zote hizi amekuwa akifikiria kwamba alikwenda na njaa, peke yake, katika wodi ya watu asiowajua. Aliuliza kama alikula.

Katibu alijibu kwamba alikula.

Bw. Muhumed aliuliza kama alikula vizuri, au alionja tu.

Katibu alieleza kwamba anjera zilikuwa tatu. Marehemu alikula mbili, akasema leo angalau zimetoka nyembamba. Alikunywa vikombe viwili vya chai. Anjera ya tatu aliikata katikati, akampa Katibu nusu, akisema yeye hali na mgeni amekaa anamtazama. Katibu hakuwa amefunga na hakuwa na njaa, lakini waliimaliza pamoja. Marehemu alizungumza juu ya kitambaa cha Idd alichomwekea Nasro, cha rangi ya samawati, na akaagiza Katibu asikikate hadi atakapotoka hospitali ili wapime wote watatu. Kitambaa hicho bado kiko chini ya cherehani. Hakijakatwa.

Bw. Muhumed alisema: "Basi hakula peke yake."

Alijifunika uso kwa kilemba, na kikao kilimsubiri. Alipofunua uso aliisukuma themosi mezani hadi mbele ya Katibu na kusema kwamba amana imefika kwa mwenyewe. Aliomba kitambaa kikatwe. Nasro atakuja kupimwa shule zikifungwa, na Idd ikiwa imepita, si neno, atavaa.

KUMB. NA. 10/11/2003: KUFUNGA KIKAO

Jua lilikuwa linatua na waliofunga walihitaji kufungua. Mwenyekiti alivunja kikao saa kumi na mbili na dakika kumi jioni bila sala nyingine, akisema iliyosaliwa mwanzoni inatosha. Bw. Burhan alitoa tende kwenye mfuko wa koti. Zilikuwa sita, watu wanane. Baadhi waligawana nusu.

Katibu aliiosha themosi kwenye bomba la nje na kuikabidhi kwa Muuguzi Mkuu iwe ya daku ya wodi. Imeandikishwa.

Mwenyekiti: Sironka Meitamei (sahihi)      Tarehe: 18 Novemba 2003

Katibu: Mwongeli Maundu (sahihi)      Tarehe: 18 Novemba 2003

Nimesoma Kumb. Na. 9, ni kweli ilivyoandikwa: Muhumed (sahihi)      Tarehe: 19 Novemba 2003